Ndizi Nane za Mama

Bugomora, Kyerwa
11 Mei 2025

Mdogo wangu Kokugonza,

Salamu nyingi kutoka kibanjani, hapa migombani. Sisi ni wazima. Vero anakusalimu, watoto wetu wote wanne wanakusalimu, na Ainembabazi ameota meno mawili ya mbele baada ya yale ya utoto kung'oka, kwa hiyo sasa anamtabasamia kila mtu hata mbuzi. Kahawa imeanza kuiva upande wa juu. Mama yupo. Anakohoa kidogo asubuhi, lakini sauti ya kutugombeza haijapungua hata chembe.

Tangu uingie unovisi kwa masista Januari nyumba imekuwa kimya. Hakuna wa kubishana naye.

Sasa jambo lenyewe, na usicheke. Nimejiandikisha kurudia Hisabati ya kidato cha nne, Novemba hii, mtahiniwa wa kujitegemea, mzee wa miaka thelathini na tatu. Chuo cha kilimo kimesema bila Hisabati hawanipokei. Watu hapa wananiita bwana shamba kwa utani, nami nimechoka na utani, nataka niwe kweli.

Nimefungua daftari uliloniachia, lile la kutafuta vitu viwili visivyojulikana. Mfano wa kwanza: magunia matatu na vikapu vitano vya kahawa ni kilo 255, magunia matatu na vikapu viwili ni kilo 210. Nimehangaika juma zima. Nimepata kikapu kimoja ni kilo 85. Mama ameliangalia jibu langu akasema hajasoma lakini hicho si kikapu. Nisaidie.

Mama anasema niandike hivi, neno kwa neno: "Mwambie avae soksi, sakafu za masista ni za baridi."

Kaka yako,
Dastan


Nyumba ya Malezi, Karagwe
1 Juni 2025

Kaka Dastan, shikamoo.

Shikamoo na kwa Mama, na Vero na watoto nawapenda wote. Mimi ni mzima. Barua zetu hutoka mara moja kwa mwezi na Sista Mlezi huzisoma kwanza, kwa hiyo na yeye nampa shikamoo yake hapahapa.

Kikapu cha kilo themanini na tano! Nani akibebe, wewe? Nilikikumbuka katikati ya sala za jioni, nikaomba ruhusa ya kutoka nje kukohoa.

Kosa lako ni moja tu. Wasiojulikana ni wawili, gunia na kikapu, na huwezi kuwakamata wawili kwa mkono mmoja. Lazima mmoja aondoke kwanza. Magunia ni matatu juu na matatu chini, ukitoa yanakwisha, vinabaki vikapu vitatu. Mpaka hapo ulikuwa macho. Halafu ukalala: kilo ukaziacha zilezile 255, ukagawa kwa tatu. Ukiondoa upande huu, kaka, ondoa na upande wa pili. 255 toa 210 ni 45. Vikapu vitatu ni kilo 45, kimoja ni 15. Sasa rudi umtafute aliyebaki. Vikapu viwili ni 30, 210 toa 30 ni 180, gunia ni kilo 60. Hilo ndilo gunia tunalolijua mgongoni.

Achana na mifano yangu. Tunga swali la nyumbani. Unajua Mama anavyomenya ndizi zetu za ebitoke, kwa majina: "Hizi za Dastan, nane. Hizi za Vero, nane," na mtoto fungu lake dogo. Hakuna ndizi inayoingia sufuriani bila mwenyewe. Basi kaa karibu na sufuria siku mbili, siku ya wageni na siku ya kawaida. Hesabu watu, hesabu ndizi zote, jifanye hujui mtu mzima anakula ngapi wala mtoto ngapi, halafu watafute.

Jambo la mwisho, na hili silo la hesabu. Baba alipofariki nilikuwa kwenye mtihani wa kidato cha sita, mkanificha mpaka nimalize. Nilikuta kaburi limeshaota majani. Mlisema mlifanya kwa upendo. Sikuwasamehe haraka, kaka, na sijawahi kuwaambia. Usinifanyie tena. Hicho kikohozi cha Mama kikizidi, niandikie.

Mdogo wako,
Kokugonza


Bugomora
22 Juni 2025

Mdogo wangu Koku,

Salamu. Sisi wazima. Mama yupo, anakusalimu sana. Mbuzi mwekundu amezaa mapacha. Nimechelewa kukujibu kwa sababu ya safari za kwenda na kurudi.

Nimefanya kama ulivyosema. Jumapili alikuja jirani yetu Byabato na mkewe. Watu wazima tulikuwa watano: mimi, Vero, Mama, Byabato na mkewe. Watoto wanne. Vero alimenya, siku hizi Mama amemwachia kisu, nami nikakaa pembeni na daftari kama karani. Ndizi arobaini. Jumatatu tukawa wenyewe, watu wazima watatu na watoto wanne. Ndizi ishirini na nne. Mtu mzima nikamwita x, mtoto y.

5x + 4y = 40
3x + 4y = 24

Nikawaondoa watoto, wanne juu na wanne chini. Wakabaki watu wazima wawili, na safari hii sikulala, nikatoa na upande wa pili: kumi na sita. Mtu mzima ni nane! Niliruka mpaka Vero akadhani nimeumwa na siafu. Halafu nikarudi kumtafuta mtoto. Watatu mara nane ni ishirini na nne. Ishirini na nne toa ishirini na nne, sifuri.

Koku, watoto wangu wanakula sifuri. Na Ainembabazi ana ndizi mdomoni hapa ninapoandika. Nimerudia mara sita, nimefuta mpaka karatasi imetoboka. Nimekosea wapi? Nikilala naota namba, nikiamka sina raha, kila kitu kinanikimbia mkononi.

Mama anasema: "Mwambie aniombee."

Dastan


Nyumba ya Malezi
6 Julai 2025

Kaka Dastan, shikamoo.

Tumshukuru Mungu kwa mapacha wa mbuzi. Huku ni vumbi na baridi ya asubuhi. Mimi ni mzima.

Kazi yako nimeipitia mara nne. Haina kosa. Umeondoa huku na huku, umegawa vizuri, umerudi vizuri, na kama ningekuwa bado nafundisha ningekupa alama zote. Lakini jibu haliwezi kuwa kweli. Hesabu ikiwa safi na jibu likiwa uongo, basi kosa liko kwenye kile ulichokiandika kabla hujaanza kuhesabu.

Sista Mlezi aliponikabidhi barua yako aliuliza, "Hawa watoto wa kaka yako hawali?" Nilicheka. Nilipofika kwenye ngazi kicheko kikanikauka, na tangu hapo sijatulia. Nafua nguo zilizokwisha kufuliwa. Nafagia mahali palipofagiwa.

Hesabu tena. Acha ndizi, hesabu watu.

Na hili: Mama hajawahi kuniambia nimwombee. Mama huniambia nivae soksi, nile, nisiinamishe kichwa nikitembea. Mama hutoa amri. Tangu lini anaomba? Na kwa nini amemwachia Vero kisu, mtu ambaye hata malaria haikumnyang'anya kisu? Sista Mlezi amepiga simu yako mara tatu, haipatikani.

Mama ni mzima? Nijibu hilo kwanza, hesabu baadaye.

Kokugonza


Bugomora
20 Julai 2025

Kokugonza,

Salamu. Simu iliingia maji.

Mama yupo. Nimekwambia yupo, barua ya kwanza na ya pili, na leo nakwambia tena. Nilikuomba hesabu, sikukuomba upelelezi. Kila mtu ananiuliza maswali siku hizi, na mimi ndiye niliyepaswa kuwa naulizwa na mtihani peke yake.

Ili usinione mjinga nimehesabu tena. Jumamosi Byabato alikuja peke yake. Watu wazima wanne, watoto wanne, ndizi thelathini na mbili, nimezigusa moja moja na Vero akanifukuza na mwiko. Nne mara nane ni thelathini na mbili. Watoto sifuri tena. Basi hiyo njia yenu ya kuondoa huenda inafaa vitabuni, Kyerwa haifai.

Samahani kwa maneno hayo. Nimechoka, mdogo wangu. Safari za pikipiki zimenimaliza mgongo, kahawa imeanikwa nusu na nusu iko mitini. Watoto wanakula, namshukuru Mungu, hilo naliona kwa macho.

Leo hakuna neno la Mama. Alikuwa amelala.

Dastan


Nyumba ya Malezi
27 Julai 2025

Kaka, shikamoo.

Barua hii imetoka nje ya zamu, kwa ruhusa. Katekista Kashaija ataileta mwenyewe na atasubiri jibu. Usimwache aondoke mikono mitupu.

Umehesabu siku tatu. Siku zote tatu zimepungua ndizi nane. Si saba, si tisa. Nane ni fungu la mtu mzima mmoja.

Watoto wako wanakula. Wanakula mbili mbili, jumla nane. Jumapili waliokula ni watu wazima wanne, thelathini na mbili, na nane za watoto, arobaini. Jumatatu wawili, kumi na sita na nane, ishirini na nne. Jumamosi watatu, ishirini na nne na nane, thelathini na mbili. Ukimtoa mtu mmoja, siku zote tatu zinakaa sawasawa kama mawe ya mafiga. Ukimrudisha, watoto wanakosa chakula.

Byabato amekula, mkewe amekula, wewe na Vero mmekula. Vero anamenya alivyofundishwa, kwa majina, na Vero hawezi kuita jina la mtu asiyekuwepo. Wewe uliliandika jina la Mama kwenye daftari, lakini ndizi zake hazikumenywa. Nilikuambia ukiondoa upande huu uondoe na upande wa pili. Umemwondoa Mama upande mmoja tu.

Yuko wapi? Amekufa, kaka? Mmemzika? Kama kuna kaburi jingine linaota majani, niambie leo, nilie leo.

Kokugonza


Bugomora
28 Julai 2025

Koku,

Hajafa. Hilo sikuapa kulificha.

Nilishika rozari ya Mama nikaapa kwamba juu ya hali yake sitaandika wala kutamka kwako neno lolote zaidi ya "yupo". Akasema nikivunja nisije nikashika jeneza lake. Unamjua. Kwa hiyo juu ya Mama sikuambii kitu.

Nakupa habari za mama mdogo Benitha. Mama mdogo hayupo nyumbani kwake Songambele tangu wiki ya kwanza ya Juni. Yuko Nyakahanga, hospitalini, kwenye jiko la watu wanaouguza wagonjwa, anapika uji asubuhi na jioni na kuupeleka wodi ya wanawake, kitanda cha tatu kutoka dirishani. Benitha mwenyewe haumwi popote. Ukitaka kumsalimia, kutoka kwenu ni bodaboda ya nusu saa.

Kila wiki nimepita mbele ya geti lenu nikienda na kurudi, kofia nimeivuta mpaka machoni. Mara moja niliwaona mkipalilia maharage karibu na barabara. Mmoja alikuwa wewe. Nilimwambia dereva aongeze mwendo.

Sikujua kwamba nilikuwa nakuambia. Nilidhani nafanya hesabu.

Kashaija anawasha pikipiki. Nenda.

Kaka yako


Nyumba ya Malezi
17 Agosti 2025

Kaka Dastan, shikamoo.

Najua Benitha amekwisha kukusimulia, lakini sikia na kwangu.

Sista Mlezi aliisoma barua yako akiwa amesimama, akachukua ufunguo wa gari. Benitha aliponiona mlangoni aliangusha kikombe cha uji. Mama alikuwa ameketi, mito miwili mgongoni, maana akilala maji ya kwenye mapafu yanambana. Amekonda, kaka, hukuniandaa. Aliniangalia miguu kwanza.

"Soksi ziko wapi?"

Kisha akasema, "Dastan amesema."

"Hakusema, Mama. Aliyesema ni Vero, na kisu chake."

Nikachukua kalamu ya muuguzi nikamwandikia nyuma ya bahasha, watu huku, ndizi huku. Mama hajasoma, lakini mtu aliyemenya kwa majina miaka arobaini hahitaji kufundishwa hesabu hiyo. Alifuata kwa kidole mpaka kwenye zile nane zilizopungua.

"Kwa hiyo Vero hakunimenyea."

Nilidhani amechukia.

"Vizuri," akasema. "Nilimfundisha asiharibu ndizi." Halafu akalia, nami nikalia, na Benitha akatugombeza wote wawili kwamba tunawasumbua wagonjwa.

Nilimuuliza kwa nini. Akasema siku ya kuniaga aliona macho yangu yanatafuta sababu ya kurudi nyumbani, na hakutaka yeye ndiye awe sababu. Nilikasirika sana, kaka, kwa sababu ni kweli. Kila barua niliyokuandikia ilisema mimi ni mzima, na tangu Machi begi langu lilikuwa limefungwa tayari chini ya kitanda. Hilo nilikuficha. Ulipomwandika Mama mahali ambapo hayupo, mimi nilikuwa najiandika vilevile.

Sista Mlezi alinipa siku tisa za kumuuguza. Anasema hata wiki mbili hazivunji mwaka wa unovisi. Mama aliogopa bure, angeuliza tu angeambiwa. Siku ya kumi nilirudi huku kwa miguu yangu, na jioni ile nikalifungua begi, nikapanga nguo rafuni. Sijui Januari, siku ya nadhiri, nitasema nini mbele ya altare. Lakini safari hii nikiwa hapa, nipo.

Daktari anasema maji yanapungua polepole. Hakuahidi kitu, nami sikuahidi.

Wewe sijakukasirikia. Nimejaribu siku mbili, nikashindwa. Fanya mazoezi, ukurasa wa kumi na mbili mpaka wa ishirini, na usipite tena getini kwetu umevaa kofia hivyo.

Kokugonza


Bugomora
30 Novemba 2025

Mdogo wangu Koku,

Salamu kutoka nyumbani, wote, wanaotembea na wanaobebwa. Senene wameanguka wiki hii kwa wingi ambao sijauona miaka mitano, watoto wanakamata mpaka kwenye nywele za Vero. Ainembabazi amekuwekea chupa nzima.

Mtihani umepita. Nilikaa nyuma, magoti yamegusa meza. Swali letu lilikuwepo, kalamu na madaftari, kwa Kiingereza. Nikayaondoa madaftari huku, nikaondoa na huku. Nikakaa nikiangalia jibu kwa hofu, lakini halikuwa sifuri. Mengine siyajui, tutasubiri.

Mama amerudi nyumbani tarehe 20 Oktoba. Usidhani amepona kabisa, sitakudanganya tena. Anatembea mpaka mgomba wa kwanza na kurudi, na kuna siku hafiki. Vero alimrudishia kisu, akakikataa, akasema mkono bado hauna nguvu. Badala yake anaketi kwenye kigoda kando ya sufuria na kumsahihisha Vero kila ganda.

Jana nilichukua daftari nikakaa mahali pangu pa zamani. Watu wazima wawili, watoto wanne, na Mama. Sikumweka kwenye x, maana kwa sasa si mtu wa ndizi nane. Nimempa herufi yake peke yake, m. Ndizi zote ishirini na saba.

2x + 4y + m = 27

Mimi na Vero kumi na sita. Watoto nane. Nikatuondoa sisi huku, nikatuondoa na huku. Nikarudia mara sita kama zile siku, ingawa hesabu yenyewe hata Ainembabazi angeiweza.

Tatu, Koku. Vero alimenya akiita kwa sauti, "Hizi za Mama, tatu," na wakati wa kula watoto wote walimtazama mpaka alipomaliza ya mwisho.

Mama anasema niandike hivi, neno kwa neno: "Mwambie senene aje awachukue mwenyewe, nitakuwepo. Na msinihesabu tena kama kahawa. Nane nitazifikia bila daftari."

Kaka yako,
Dastan